Uchungu ukichelewa, kwa nini mzazi anatakiwa ataje wanaume? Watu wa Mtwara na Lindi tuzungumze

Mjukuu wa Newala (mwanzisha uzi)

Wanajamvi salaam. Naombeni mnivumilie, uzi huu ni mrefu.

Sisi tuliokulia Kusini, iwe Newala, Tandahimba, Masasi au kule Ruangwa na Nachingwea, jambo hili tunalijua hata kama hatulisemi mbele za watu. Binti akikesha na uchungu na mtoto hatoki, wazee waliomzunguka wanaanza kunong'onezana. Mwisho mmoja wao anamwinamia sikioni: "Mwanangu, taja." Anatakiwa amtaje mwanaume mwingine aliyelala naye akiwa na mimba hiyo, kwa sababu inaaminika mimba iliyochanganywa haitoki mpaka mama aseme. Asiposema mtoto atakwama. Na akifa, watasema kafa na siri yake.

Najua imani hii haiko kwetu tu, makabila mengi yanayo. Naongea ya kwetu kwa sababu ndiyo ninayoyajua.

Binti wa mama yangu mdogo alishikwa na uchungu msimu wa korosho, familia nzima imehamia shambani. Mimba ya kwanza. Walimlaza kwenye mkeka ndani ya banda, magunia yamepangwa hadi juu, taa ya sola imetundikwa kwenye boriti. Kulipokucha alikuwa bado. Mama yake akamshika mkono, akamwambia taja. Akasema hakuna. Mama mkubwa naye akasema taja mwanangu, unataka kutuachia msiba? Akasema hakuna. Wakaendelea hivyo kwa upole, huku nao wanalia, maana walikuwa wanampenda, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mwisho akataja jina. Alimtaja kijana aliyesoma naye darasa la saba, ambaye alishahamia Dar na hawakuwahi kuonana tena tangu wamalize shule. Alitaja ili wamwache apumue.

Mtoto hakutoka. Wakampakia kwenye bodaboda, kakaa katikati ya dereva na mama yake, mpaka barabara ya lami wakapata gari. Hospitali wakakuta kichwa cha mtoto kimekaa vibaya kwenye nyonga, kimegeukia juu. Akafanyiwa upasuaji, akatoka yeye na mtoto wake wakiwa wazima.

Lakini lile jina halikurudi mdomoni. Mume alilisikia. Mpaka leo wakigombana kidogo tu jina linatajwa, na mtoto anaangaliwa pua na masikio kutafutwa kafanana na nani. Mwanamke aliyeshinda kifo anaishi kama mshtakiwa ndani ya nyumba yake.

Nimekaa na jambo hili, nikasoma na kuwauliza wanaojua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 unasema kwa mwanamke anayezaa mara ya kwanza, tangu mlango wa uzazi ufunguke sentimita 5 mpaka ufunguke wote, inaweza kuchukua hadi saa 12. Kwa aliyekwisha kuzaa, hadi saa 10. Kabla ya hizo sentimita 5 hakuna muda uliowekwa, wanawake wanatofautiana mno. Kwa hiyo mwingine anaanza kuhojiwa wakati mwili wake haujafanya kosa lolote, unafuata tu mwendo wake. Na akichelewa kweli kuna sababu zake: mtoto kalala vibaya, nyonga ni ndogo, mikazo ya mfuko wa uzazi haina nguvu. Hakuna hata moja inayoondoka kwa jina la mtu.

Hoja yangu ni hii. Binti anaingia leba akiwa amejazwa hofu tangu mimba changa: usikae mlangoni mtoto atakwama, usile mayai, usimwambie mtu utaonewa kijicho, na ukikosea kitu utaumbuka siku ya kuzaa. Halafu tunashangaa anatetemeka. Naomba tuseme ukweli, hofu hii tunaijenga vipi? Na katika mila zetu, ni kipi kinachomsaidia mjamzito ili tukishike?

Nesi wa Zamu

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni mkunga katika mojawapo ya mikoa hii miwili, kituo sitakitaja. Kuna dada alinivuta koti usiku akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, nikisema sasa hivi, mtoto atatoka?" Nikamwambia hebu nikupime kwanza. Njia ilikuwa sentimita 4. Uchungu wake ulikuwa unaanza tu, lakini nyumbani walishamwambia kachelewa tangu jana. Nikamweleza, nikamsimamisha, akatembea koridoni akinywa chai ya tangawizi. Alizaa salama zamu iliyofuata bila kumtaja mtu.

Hofu yenyewe inafanya kazi mwilini. Mtu akiogopa sana mwili unamwaga adrenalini, na adrenalini inaweza kudhoofisha mikazo, hasa uchungu ukiwa bado mchanga. Kwa hiyo mnamtisha kwa sababu amechelewa, na kutishwa kwenyewe kunaweza kumchelewesha zaidi.

Niongeze la dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Zipo zinazofanya kazi kweli, na hapo ndipo kwenye hatari. Sisi tukitaka kuongeza uchungu tunaweka oksitosini kwenye dripu, matone yanahesabiwa, mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila mara. Kikombe cha mizizi hakuna anayejua kina nguvu kiasi gani. Mikazo inakuja mfululizo bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji wa zamani. Mkishampa, basi tuambieni. Mkificha mnatufunga macho.

Na najua kwa nini mnaficha. Wako baadhi yetu wanaofoka. Mama anatukanwa akiwa kitandani, akirudi kijijini anawasimulia kumi, na wale kumi wanaona heri banda la korosho. Hofu ya leba haikuletwa na wazee peke yao, na sisi wa koti jeupe tumechangia.

Mzee wa Masasi

Vijana, nimesoma yote. Naomba msichukue kisu mkakata mti mzima kwa sababu ya tawi moja.

Kwetu Wayao mwanamke wa mimba ya kwanza anafanyiwa litiwo. Wanawake waliozaa wanamkalisha, wanamfundisha mwili wake unavyobadilika, ajitunze vipi, na mume naye anapewa maneno yake: asimpige, asimchoshe, asimletee maradhi kutoka nje. Tangu siku hiyo ana watu. Huko kutaja mnakokusema kulikuwa na maana yake. Mwanamke na mwanaume walijua mimba inadai uaminifu. Mume naye akitangatanga alilaumiwa mzazi akikwama. Leo mmeondoa hofu yote, na maradhi je?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawa wazee wanaouliza, wengi wao walishazika binti au mjukuu. Wanatafuta mlango wa kutokea.

Mjukuu wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeandika, na la litiwo nakubaliana nawe kwa moyo wote. Unyago wetu unasemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kumuuliza hata bibi mmoja kinachofundishwa mle ndani. Kumkusanyia mjamzito wanawake waliopita njia hiyo ni kitu ambacho hata hospitali zinakitafuta sasa. WHO inapendekeza kila mzazi awe na mtu anayemtaka mwenyewe kando yake tangu uchungu mpaka kuzaa, kwa sababu wanaokaa na mtu wao wanapata nafuu, na upasuaji unapungua.

Ninachopinga ni kumhoji mtu akiwa katika maumivu. Uaminifu ufundishwe kwenye litiwo, mume na mke wote wawili, wakiwa na akili zao timamu. Ukimuuliza mtu swali lile akiwa hawezi hata kukaa, mzee wangu, atakujibu chochote unachotaka kusikia.

Mzee wa Masasi

Marahaba. Hapo kwenye kumhoji, nitafikiri.

Baba Wawili

Mimi ni mwanaume, niseme upande wetu. Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza alirudi kwao Nanyamba kujifungua, kama desturi. Mimi nilibaki Mtwara mjini na kazi. Kule akawa anapewa masharti kila siku, na kila usiku ananipigia simu analia. Aliambiwa asinunue hata nguo moja ya mtoto kabla hajazaliwa maana ni kujitabiria mabaya. Siku ya siku ikabidi shemeji akimbie kutafuta glovu, pamba, wembe, mpira wa kutandika na nyuzi za kitovu usiku, duka limefungwa. Mimba ya pili tuliandaa beseni lote mapema, tukaweka na kanga na nauli ya bajaji ndani yake. Alilala usingizi. Wanaume tusikae mbali tukasema ni mambo ya wanawake. Fedha ya usafiri iwepo, tena iwe mkononi mwake mwenyewe.

Kipepeo wa Naliendele

Na udongo jamani? Hapa sokoni unauzwa kwenye vifuko, wajawazito wanautafuna kama karanga. Wanasema mtoto ndiye anautaka.

Nesi wa Zamu

Kipepeo, hamu ya udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo inayozidi kuimaliza hiyo damu. Wapimwe wingi wa damu, wapewe vidonge vya damu na dawa ya minyoo, wengi hamu inapungua. Kwenye kanda yetu yenye malaria nyingi wasikose na SP, vidonge vya kuzuia malaria, kila mwezi kuanzia wiki ya 13, wanaimeza hapohapo kliniki.

Binti wa Mchinga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni msomaji tu, leo nimejiunga ili niandike.

Niko Mchinga, mimba yangu ya kwanza inaingia mwezi wa nane. Sina raha. Dada yangu tuliyefuatana alifariki akijifungua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika beseni lake la nguo pale nje. Tangu nijijue nina mimba naona na mimi zamu yangu imefika. Nikilala naota nimelala palepale kwenye kitanda chake. Moyo unakwenda mbio bila sababu, nikiona gari la wagonjwa natoka jasho.

Mimba ikiwa na miezi minne niliona damu kidogo. Mama mkwe akanipeleka kwa mganga, akanifunga kamba nyeusi yenye dawa kiunoni ili mimba isitoke. Akasema atakayeifungua ni yeye tu, mtu mwingine akiigusa mimba itaharibika, na isipofunguliwa sitazaa. Sasa mganga kavuka Ruvuma kaenda Msumbiji, simu haipatikani. Kila siku nahesabu. Nikizidiwa uchungu na yeye hajarudi, itakuwaje?

Mayai siyali, naambiwa mtoto atatoka hana nywele. Na chakula napunguza ili mtoto asiwe mkubwa akanipasua. Wiki hii kichwa kinauma kutwa kucha, nadhani ni hayo mawazo maana usingizi wenyewe sipati, na pete ya ndoa imenibana ikabidi niivue kwa sabuni. Naombeni maombi yenu na ushauri.

Mama Shamimu

Mdogo wangu pole sana. Nimesoma machozi yakinitoka. Mimi mtoto wangu wa kwanza alizaliwa amefariki. Wakaniambia nina chango la uzazi, wengine wakasema jini mahaba ananila watoto. Nilifukizwa, nilichanjwa, nilikunywa machungu ya kila aina. Mimba ya pili nilikuwa nikiamka usiku kushika tumbo kama mtoto anacheza, naogopa hata kumwita jina moyoni. Sikumwambia mtu. Ukisema unaogopa wanakwambia usijitabirie, kwa hiyo unanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakokumaliza.

Kilichonisaidia ni nesi mmoja wa kliniki. Badala ya kunipima tumbo tu aliniuliza, "Na wewe mwenyewe, unaendeleaje?" Nililia kwenye lile benchi mpaka foleni ikasimama. Akanipangia siku zangu za kuja nikiwa na mama yangu. Akamwelekeza mama yangu asiniache peke yangu jioni, maana jioni ndiyo ilikuwa mbaya. Nilizaa binti mzima. Kwa hiyo usione aibu, mdogo wangu, sema kama ulivyosema hapa.

Mwalimu wa Kilwa

Binti, kuogopa kwako si uzembe wala si ukosefu wa imani, na hauko peke yako. WHO inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wanapata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona, na baada ya kuzaa wanafikia karibu 20. Kati yao wamo wengi waliofiwa kama wewe.

Kuhusu dada yako, Mungu amrehemu. Hofu yako ina chanzo cha kweli, lakini kifo si zamu inayozunguka kwenye familia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 104. Bado ni vingi, kila kimoja ni nyumba iliyobomoka. Ila kupungua kwake kumetokana na wanawake kuzaa mahali penye damu, dawa na mtu wa kupasua.

Na kula ule mwanangu. Mtoto anatoka na nywele alizopewa na wazazi wake, yai halimnyoi. Ukijinyima unajipunguzia damu na nguvu za kusukuma.

Nesi wa Zamu

Wote samahani, naomba tusimame kidogo.

Binti wa Mchinga, rudi pale uliposema kichwa kinauma kutwa kucha na pete imebana. Hayo usiyaweke kwenye fungu la mawazo. Nijibu haraka: uso umevimba ukiamka? Unaona ukungu au vimulimuli machoni? Unaumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu upande wa kulia? Presha ulipimwa mara ya mwisho lini?

Binti wa Mchinga

Uso asubuhi macho yanakuwa madogo, nilidhani kulia. Vimulimuli jana jioni nilipoinuka, kama vimetameta vidogo hivi. Kliniki mara ya mwisho ni miezi miwili iliyopita, niliogopa wakiniona kamba watanisema.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, nenda leo. Usingoje kesho wala mganga. Sitaki kukutisha, nataka presha ipimwe na mkojo uangaliwe protini. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi mimba ikiwa imevuka wiki 20, ni lazima uangaliwe kwa karibu. Kwa dalili hizo ulizotaja naogopa kifafa cha mimba, na hicho kikidakwa mapema kina dawa. Piga 115, ni bure, ndiyo namba ya m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi. Usafiri ukichelewa tafuta bajaji, msindikizaji awepo. Kamba hakuna atakayekusema, na akikusema mwambie nimetumwa nipimwe presha.

Mjukuu wa Newala

Binti, ukifika tupe taarifa hata kwa neno moja. Baba Wawili, wewe una ndugu Lindi mjini, tuwasiliane pembeni kama nauli inahitajika.

Mama Shamimu

Wakati tunasubiri, niseme kitu kwa wanaopita hapa. Mimba yangu ile ya kwanza nilianguka nikakakamaa, povu mdomoni. Nyumbani wakajua jini kapanda. Walinifukiza ubani nikiwa sina fahamu mpaka mchana. Baadaye sana, kwenye mimba ya pili, daktari alinisikiliza hiyo hadithi, akafunga faili akaniambia kile kilikuwa kifafa cha mimba. Kilitokana na presha. Hakukuwa na kiumbe aliyekuja kumchukua mwanangu. Nilikuwa nimejichukia muda wote huo nikidhani nina kitu ndani yangu kinachoua.

Binti wa Mchinga

Nimefika jana usiku. Mama yangu mzazi ndiye aliyenisindikiza. Presha 150 kwa 100, mkojo una protini. Wamenilaza. Wamenipa vidonge vya presha, na sindano ya kuzuia kifafa wamenichoma, inauma paja lote linawaka moto lakini kichwa leo ni chepesi. Mtoto anacheza. Manesi wa hapa wamenipokea vizuri, Mungu awabariki.

Shida ni kamba. Daktari anataka itolewe. Nimekataa. Najua mtaniona mjinga, lakini nikifikiria inakatwa mikono inakufa ganzi. Mganga alisema mimba itaharibika.

Nesi wa Zamu

Hakuna anayekuona mjinga. Alhamdulillah umefika. Hiyo sindano ni magnesiam salfeti, ndiyo dawa yenyewe ya kifafa cha mimba, na moto wa paja unapita. Kuhusu kamba, waombe wakupe muda kidogo, lakini iwe leo. Ikitokea upasuaji wa haraka itakatwa na mtu usiyemjua ukiwa umeogopa, afadhali ikatwe sasa na mtu unayempenda.

Mzee wa Masasi

Mjukuu wangu, mimi ni babu wa umri wa babu yako, nisikilize. Mganga alikufunga mimba isitoke kabla ya wakati. Kazi hiyo imekwisha, mimba imekaa, imefika mwezi wa nane. Mtu aliyefunga mlango akasafiri na ufunguo hana haki ya kumwacha mtoto ndani. Aliye na haki juu ya tumbo lako ni mama yako aliyekuzaa, na yuko hapo. Kwetu sisi, watu wa upande wa mama, neno la mama kwa binti yake linapita la mganga. Mwambie mama aikate kwa mkono wake mwenyewe, akuombee dua, basi. Likiwa na lawama, nibebe mimi mzee.

Na lile swali la kutaja. Nilisema nitafikiri. Nimeongea na mke wangu usiku. Ameniambia kwamba kwenye uzazi wake wa pili aliulizwa, naye akataja uongo. Tumeishi miaka yote hii sikujua. Nimeacha kulitetea.

Mjukuu wa Newala

Mzee wangu, asante. Sina neno la kuongeza.

Binti wa Mchinga

Mama amesoma mwenyewe maneno ya mzee. Amekata kwa wembe wa kwenye beseni, akasoma Fatiha, akaifunga kwenye karatasi akaiweka kwenye pochi yake. Nilifumba macho. Nikahisi mtoto kageuka. Nimelala usingizi wa mchana, sikumbuki mara ya mwisho.

Daktari kasema huenda wakanianzishia uchungu mapema au wanipasue kama presha haitulii. Wamenichoma na sindano nyingine ya mtoto. Mama anauliza pia kuhusu kondo, anaogopa watu wasije wakalichukua.

Nesi wa Zamu

Kondo mama aulize wodini mapema. Vituo vina shimo maalumu linalofunikwa, hakuna anayelichukua. Kama ana ombi aliseme kwa mkunga wa zamu kabla hujazaa, kila mahali wana utaratibu wao.

Hiyo sindano nyingine bila shaka ni ya kukomaza mapafu ya mtoto asipate shida ya kupumua akizaliwa kabla ya siku zake. Wakisema wanakuanzishia au wanakupasua usikatae, maana ugonjwa huu unaanza kupona kondo likishatoka. Omba mama awe karibu nawe leba kama wodi yao inaruhusu. Waambie pia manesi kuhusu dada yako na hizo ndoto, ziandikwe kwenye faili, ili ukianza kutetemeka wajue ni nini.

Jambo moja waelezeni ndugu wote sasa hivi, mama mkwe awe wa kwanza: kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa, siku za mwanzo nyumbani, wakati watu wanakukanda na kukupikia uji wa pilipili manga. Ukisema kichwa kinauma, ukiona ukungu, au ukikakamaa, wasifukize chochote. Wapige 115 na wakurudishe hapohapo ulipo, na kadi yako iwe juu kabisa ndani ya beseni.